Ubani Kwenye Chupa za Maabara

Ukifika Mikindani ukamuulizia Subira binti Hemedi, watu wataanza kucheka kabla hawajakuonyesha nyumba. "Yule aliyefukiza maji ya maabara?" Hivyo ndivyo anavyojulikana sasa. Miaka ishirini na sita ameokota kome pale Mwamba Mkole, amelisha nusu ya mji, na kilichobaki midomoni mwa watu ni kisa cha chupa tano tu. Wanakisimulia vibaya. Mimi nilikuwepo. Subira ni mama yangu mdogo, naishi kwake tangu nilipoacha shule darasa la tano, na kwa kuwa si msemaji, watu huzungumza mbele yangu kama vile hakuna mtu. Kwa hiyo nitasema ilivyokuwa.

Nianze na kisu chake. Ni kipande cha msumeno wa chuma, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Kome akishatolewa gunini, mama mdogo humgonga mara moja kwa jiwe, mahali pamoja siku zote, gamba linafunguka bila kusagika, anamvuta mzima. Anakata kile kifuniko kigumu, anamchana, anatupa tumbo, nyama inaingia kwenye beseni la maji ya ndimu. Haangalii. Anaweza kuwa anagombana na mtu wa upande wa pili wa ua huku vidole vinafanya kazi. Lakini vidole vyake vinaona. Akipata kome mgonjwa ananyamaza katikati ya maneno, anamweka kando, halafu anaendelea na ugomvi wake palepale alipoachia.

Jambo la pili la kumjua ni maji. Nyumbani kwake hakuna mtu anayekunywa maji kutoka kwenye chombo kisichofukizwa. Mtungi unaoshwa, unakaushwa juani, halafu unafunikwa kifudifudi juu ya chetezo chenye ubani mpaka moshi uishie ndani. Hapo ndipo maji yanamiminwa. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Majirani wengi wameacha, wanasema ni kazi ya watu wasiokuwa na kazi. Yeye anasema maji yasiyofukizwa humpi mgeni, unampa ng'ombe.

Kome jike hutaga mayai yakiwa yameshikana jiweni kama sega la nyuki, jeupe, kubwa kama kiganja. Majike hujikusanya mahali pamoja wakati wa kutaga, na waokotaji wana sheria yao: kome aliyekaa juu ya sega haguswi, na sega halikanyagwi. Mama mdogo alinifundisha kutembea mwambani kwa kutafuta masega kwanza, halafu ndiyo nitafute kome.

Miaka mitatu iliyopita shemeji yake, Asadi, alifungua karakana ya boti ufukweni, hatua mia hivi kutoka Mwamba Mkole. Asadi ni mdogo wake marehemu mume wa mama mdogo. Si mtu mbaya. Ana mdomo, lakini kila Ijumaa alikuwa anakuja kula kome kwetu, na paa la nyumba hii ni yeye aliyelitengeneza. Pale karakana anakwangua boti tumboni, halafu anapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia vidudu na majani yasishike. Rangi nzuri ni ghali. Yeye alikuwa ananunua makopo ya zamani kutoka kwa mabaharia, yaliyoshika kutu, yasiyokuwa na karatasi. Unga wa rangi aliokwangua ulikuwa unafagiliwa majini maji yakijaa, na mkondo wa pale unapitia mwambani.

Mwaka wa kwanza masega yalipungua. Mwaka wa pili tuliona machache, madogo kama kifungo cha koti. Mwaka huu, katika bamvua tatu, maji yametoka mpaka mwamba wote uko wazi, hatukuona hata moja. Kome wakubwa wapo. Wadogo hakuna. Kama kijiji chenye wazee watupu.

Mama mdogo akamfuata Asadi.

"Shemeji, rangi yako inaniulia kome."

"Imekuulia? Jana nimekula kumi na wawili, walikuwa hai kuliko mimi."

"Hawazai."

"Sasa hilo la kuzaa unaniletea mimi?" Asadi akawageukia mafundi wake. "Shemeji, kome wako wamekosa waume. Watafutie waume, mahari nitasaidia."

Mafundi wakacheka. Mama mdogo kwa kawaida humjibu shemeji yake neno kwa neno, mpaka Asadi mwenyewe anaomba poo. Siku hiyo aliinama akafunga kanga yake upya, akaondoka. Niliona ajabu. Sikujua bado kwa nini utani ule ulimkata maneno.

Kibali cha Asadi cha kutumia sehemu ile ya ufukwe kilikuwa kinaisha mwezi wa sita. Wanaokitoa ni kamati ya ufukwe, na mwenyekiti wake ni Mzee Mustafa, mtu wa kusikiliza huku anasafisha miwani. Mama mdogo akaenda kwake, akamwomba karakana ihamishiwe upande wa pili wa ghuba, kwenye matope, ambako hakuna mwamba wala kome.

"Subira," akasema Mzee Mustafa, "wewe ni mtu wa kuaminika. Lakini siwezi kumwinua mtu na boti zake kwa sababu umekwenda mwambani ukarudi na huzuni. Niletee kitu cha kushika mkononi. Uniletee kabla ya mwezi wa sita."

Basi ikawa hivyo. Apate kitu cha kushika mkononi, au mwamba uishe.

Ndipo tulipokwenda Chikongola kumtafuta Kasiani. Ni kijana wa Masasi, mwembamba, anafanya kazi kwenye mradi mmoja wa kupima maji, chumba kimoja tu nyuma ya duka la mabomba. Alitupatia stuli, yeye akasimama. Mama mdogo akamweleza masega, rangi, makopo yasiyokuwa na karatasi. Kasiani aliacha alichokuwa anaandika.

"Mama, kuna rangi za boti zilizopigwa marufuku dunia nzima. Makopo ya zamani bado yanazunguka. Sumu yake ni ndogo sana, tone moja kwenye matangi na matangi ya maji, lakini inatosha. Haimuui kome. Inavuruga homoni zake."

"Homoni ndiyo nini, mwanangu?"

Kasiani akafikiri. "Ni kama wajumbe ndani ya mwili. Wanapeleka habari. Huyu akue, huyu atage, huyu awe hivi, yule awe vile."

"Na hiyo sumu inapeleka habari za uongo."

"Hapohapo, mama. Inawaharibu upande wa..." Akasita. Akaangalia mafaili yake ukutani. "Upande wa uzazi," akasema, akaishia hapo.

Mama mdogo naye akaangalia mafaili. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao, nikaona watu wawili wanaoangalia ukuta mmoja, kila mmoja kama amemeza kitu.

Kasiani akaendelea kwa haraka. Maji yanaweza kupimwa, lakini si hapa. Mashine iko Dar es Salaam, na mradi wao umepewa nafasi moja tu mwaka huu. Siku ya bamvua yeye atakuwa Nanyamba, kwenye mabwawa ya huko, kupima dawa za mikorosho zinazoingia majini. Je, mama anaweza kuchota mwenyewe?

"Miaka ishirini na sita nachota kwenye maji hayo," akasema mama mdogo.

Akatupatia chupa tano za kioo cheusi, zimefungwa foili mdomoni, ndani ya deli. Nne za kujaza: moja karakana, mbili mwambani, moja mbali kwenye mdomo wa ghuba. Ya tano irudi tupu, wao wana kazi nayo. Akatuhesabia masharti kwa vidole. Msizioshe. Msizifute ndani. Msitie sabuni, msitie maji ya bomba, msihamishie kwenye plastiki. Siku hiyo mama usijipake mafuta wala manukato mikononi.

Nataka watu wa Mikindani wajue jinsi alivyoyashika masharti yale. Siku tatu hakujipaka hata mafuta ya nazi, mikono ikawa na ukurutu kama ya mtu aliyetoka kuchoma chokaa. Alinikataza kuwa na udi nguoni. Alilalia mlango wa chumba chenye chupa ili watoto wa jirani wasije wakazigusa. Asubuhi ya bamvua akaamka kuswali, akawasha mkaa kwenye chetezo, akatia ubani, akafungua foili moja baada ya nyingine, akafunika kila chupa kifudifudi juu ya moshi. Zote tano. Halafu akarudisha foili vilevile ilivyokuwa imekunjwa.

Nilimwona. Nilikuwa nimeshika deli. Haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba kuna kosa. Hakuosha, hakufuta, hakutia sabuni. Moshi wa ubani kwetu si kitu unachotia kwenye chombo. Ndivyo chombo kinavyokuwa chombo.

Akaenda, akachota kama alivyoambiwa, mdomo wa chupa ukitazama mkondo, akiwa kwenye maji ya kifuani pale karakana huku mafundi wanamtupia maneno. Deli likajazwa barafu, likapanda basi siku ileile.

Majibu yalichukua wiki saba. Kufika mwezi wa sita zilibaki siku kumi na moja. Kasiani alikuja kwa bodaboda wakati wa alasiri, mkononi karatasi imekunjwa mara nne. Alimwamkia mama mdogo, akakaa mkekani, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeleta habari.

"Mama, siku ile pale ufukweni kulikuwa na mtu anachoma kitu?"

"Kuchoma nini?"

"Miti. Takataka. Utomvu wa mti." Akaikunjua karatasi. "Wanasema mashine imejaa vitu vya moshi wa utomvu mpaka haioni kingine. Chupa ya karakana, hivyohivyo. Ya mdomo wa ghuba, hivyohivyo. Hata ile tupu, mama. Tupu kabisa, nayo hivyohivyo. Wameandika sampuli hazifai."

"Hakuna mtu aliyechoma kitu," akasema mama mdogo. "Mletee mgeni maji."

Nikaleta. Kasiani alikuwa na kiu, alikunywa nusu bilauri kwa mkupuo mmoja. Akaishusha. Akainusa. Aliitazama ile bilauri muda mrefu.

"Haya maji yana nini?"

"Yana ubani. Ulitaka nikupe maji yanayonuka bomba?"

"Na chupa zangu?"

"Na chupa zako vipi? Zilikuwa za mgeni nazo." Halafu akaelewa. Niliona rangi inamtoka usoni kutoka juu kwenda chini. "Hukusema moshi," akasema polepole. "Ulisema sabuni. Ulisema manukato mikononi. Moshi hukuutaja."

"Nani angefikiri kutaja moshi?" Kasiani alipandisha sauti, akasahau kwamba anaongea na mtu mzima. "Chupa zile zilipikwa kwenye tanuri ili zisiwe na kitu. Nafasi moja mwaka mzima, mama. Moja. Nimeiombea miezi minne."

"Mimi nimeingia majini mpaka kifuani. Nimelala mlangoni siku tatu kama mbwa."

Mwenye bodaboda alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake palepale nje ya ua, anamsubiri abiria wake. Nilimwona anatabasamu. Kufika magharibi mji wote ulikuwa unajua.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Sokoni wakamuuliza, "Bi Subira, kome wa leo wamefukizwa au wabichi?" Watoto wakipita uani wanajifanya kupiga chafya. Asadi ndiye aliyezidi. Alipita mbele ya baraza anavuta hewa kwa pua, anasema, "Shemeji, tangu upime maji ghuba yote inanukia. Samaki wanaoana kila siku." Mama mdogo alikuwa anagonga kome kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, magamba yanaruka mpaka ukutani, na alikuwa na hasira ambazo hazikuwa na pa kwenda, kwa kuwa kila alipozigeuza zilimrudia yeye.

"Ningekuwa mchafu," aliniambia siku moja, "ningekuwa nimeshinda."

Siku ya nne Kasiani akarudi. Alikuja kuomba radhi kwa kupandisha sauti. Mama mdogo alimwambia akae, hakumwangalia, akaendelea na kisu. Kasiani akakaa kwenye kinu. Mimi nilikuwa napanga magamba. Nikaona Kasiani ameacha kuangalia chini, anaangalia mikono ya mama mdogo, halafu anaangalia kile inachokata na kutupa.

"Mama, samahani. Huyo. Usimchane."

Mama mdogo akasimamisha kisu. Kasiani akamchukua yule kome, akamgeuza kiganjani, akasogeza nyama ya shingoni kwa kijiti cha kiberiti.

"Huyu ni jike au dume?"

Mama mdogo akaufuta mpini wa kisu.

"Mama?"

"Jike," akasema mama mdogo, sauti ndogo. "Ana mfuko wa njano."

"Na hiki hapa, nyuma ya pembe ya kulia. Hiki kidole."

Mama mdogo akavuta kanga yake kichwani. "Kasiani, nina watoto wa rika lako."

"Najua, mama. Lakini unajua hiki ni nini."

"Kila mwanamke anayefungua kome anajua ni nini. Dume anacho. Jike hana."

"Na huyu jike anacho."

"Anacho," akasema. "Na yule. Na wale wote kwenye beseni. Mwaka wa kwanza alikuwa mmoja mmoja, nikafikiri ni ajabu ya Mungu. Mwaka wa pili nusu. Sasa sijaona jike aliyekuwa salama tangu mfungo. Mfuko wa njano upo, mayai yamo ndani, njia imeziba. Ungetaka nimwambie nani? Nikasimame sokoni niseme kome wa kike wameota... Mimi mjane, mtu mzima?"

Kasiani akaweka kijiti chini. Nilidhani atafurahi. Alikasirika kuliko ile siku ya ubani.

"Hiki ndicho kipimo chenyewe, mama. Hiki. Dunia nzima wanapima ile rangi kwa kuwafungua kome na kuangalia hiki kidole. Hakihitaji mashine, hakihitaji nafasi Dar. Miaka mitatu umekaa na jibu kwenye beseni."

"Na wewe ulikuwa na swali," akasema mama mdogo, sasa anamwangalia usoni. "Siku ile ofisini ulifika mpaka upande wa uzazi ukaishia hapo. Ulikuwa unakijua hiki kidole?"

Kasiani akakiokota tena kijiti.

"Ulikuwa unakijua. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Wewe ni sawa na mama yangu."

"Basi," akasema mama mdogo, "tumeheshimiana mpaka mwamba umekwisha."

Waliendelea kukaa, wote wawili wamenuna, na yule kome kati yao kwenye sinia. Mwisho Kasiani akasema kome wa Mkole peke yao hawatoshi. Mzee Mustafa atasema labda ndivyo kome wote walivyo. Wanatakiwa kome wa aina ileile kutoka mahali ambako hakuna boti zinazopakwa rangi, ili wawekwe pamoja. Zilibaki siku saba.

Mama mdogo ana dada yake, Halima, anaishi Msimbati, kule ambako pwani inakwenda mpaka mdomo wa Ruvuma. Tukaenda. Halima alitupokea kwa kucheka, habari za ubani zilikuwa zimetutangulia. "Karibuni, nyumba yangu haijafukizwa, mtavumilia." Lakini mama mdogo alipomweleza tulichofuata, Halima aliacha kucheka, akaziba mdomo kwa kanga, akatazama kama yuko mwanamume karibu. "Wa kwako nao?" akauliza mama mdogo. "Astaghfirullah," akasema Halima, "wa kwangu wako kama walivyoumbwa. Njoo uone." Kesho yake maji yalipotoka tukaona masega. Mengi, meupe, jiwe zima. Mama mdogo alichutama akayaangalia, na mimi nikageukia upande mwingine.

Tukarudi na gunia la majani mabichi ya baharini, ndani kome thelathini wako hai.

Mkutano wa kamati ulifanyika chini ya bati la mnada wa samaki, saa nne asubuhi. Wanaume wengi, wanawake kwa nyuma. Asadi alikuwa mbele, amevaa shati la kupigwa pasi. Mzee Mustafa akasafisha miwani, akasema, "Subira, tulikubaliana kitu cha kushika mkononi. Nimesikia kimepotea kwenye moshi."

Watu wakacheka. Mama mdogo akasimama na mabeseni yake mawili, akayaweka juu ya meza ya kuuzia samaki. Akakishika kile kisu. Akagonga, akavuta, akaweka. Kumi wa Mkole upande huu, kumi wa Msimbati upande ule, wote majike, wote hawajachanwa. Halafu akasema. Alikiita kile kidole kwa jina lake kamili, jina ambalo sijawahi kulisikia likitoka kinywani mwake, na hakuvuta kanga.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Asadi alikuwa anajifuta machozi. "Shemeji, nisamehe. Nilisema wamekosa waume. Kumbe waume wamezidi."

"Ndiyo," akasema mama mdogo. "Uliponiambia vile nilikuwa nalijua jibu lako, nikaona haya kukupa. Leo sina haya. Njoo uangalie, Asadi. Ni kazi ya rangi yako."

Kasiani akaeleza kwa kifupi, sumu, homoni, njia ya mayai iliyoziba. Mzee Mustafa akavaa miwani, akainama juu ya meza. Alimshika wa Mkole, akamshika wa Msimbati. Akamshika wa Mkole tena. Vicheko vilianza kupungua kimoja kimoja, kwa sababu yeye hakuwa anacheka. Wengine wakasogea kuangalia. Na hapo ndipo Asadi, aliyekuwa amesogea naye, akauliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Na anayewala?"

Asadi akamgeukia Kasiani. "Wewe kijana. Mimi nawala kila Ijumaa. Miaka mitatu. Anayewala inakuwaje?"

"Sijui," akasema Kasiani. "Hatujapima. Ningekudanganya nikisema naijua."

Niliona wanaume wakijifunga shuka vizuri, wengine wakiangalia miguu yao. Hakuna utani uliotoka tena siku hiyo.

Uamuzi ulikuwa hivi. Mzee Mustafa alisema ameona kwa macho yake na hana shaka. Lakini macho yake hayana muhuri. Kamati ikimwondoa mtu bila barua ya wataalamu, itapelekwa mahakamani. Kwa hiyo Kasiani afungue kome mia wa Mkole na mia wa Msimbati, wawekwe kwenye spiriti, wapelekwe wanakohesabiwa, barua ije. Asadi ameongezewa miezi sita. Akwangue boti juu ya turubai, na unga wa rangi usifagiliwe majini. Asadi alikubali haraka kuliko kamati ilivyotegemea.

"Miezi sita," akasema mama mdogo. "Nimewaonyesha."

"Umetuonyesha, Subira. Tumekuamini."

"Sasa mkiniamini inakuwa hivi, msiponiamini ingekuwaje?"

Mzee Mustafa akarudi kwenye miwani yake.

Kesho yake mama mdogo alikwenda sokoni na beseni la kome wa kukaanga, wa Msimbati, wale waliobaki gunini. Alirudi nao wote. Keshokutwa yake vilevile. Alisema ni wa Msimbati, wakamwambia kome ni kome. Mama mmoja anayemnunulia tangu mimi sijazaliwa alimwambia kwa upole kabisa, "Nina watoto wa kiume nyumbani, Subira, unielewe." Asadi hajaja kula Ijumaa hata moja. Ametuletea nyama ya ng'ombe badala yake, na salamu.

Sasa mama mdogo anafungua kome wa Kasiani. Hawauzi, hawali, anawafungua tu na kuwatumbukiza kwenye chupa za spiriti, kila chupa na karatasi yake. Kasiani mwenyewe alijaribu siku ya kwanza, akasaga magamba sita na kidole chake, mama mdogo akamnyang'anya jiwe. Chupa zimepangwa dirishani. Nyumba nzima inanuka spiriti, mpaka mtungini. Juzi asubuhi aliwasha chetezo, akafukiza mtungi, akafukiza bilauri za wageni, halafu akakizungusha kitambaa kizito juu ya chupa zile na kukifunga kamba ili moshi usizifikie, huku anagomba peke yake. Kwa mbali, karakana, mashine ya Asadi ilikuwa inakwangua boti.

"Wanuse," akasema. "Wageni wakija, wanuse hivyohivyo, spiriti na ubani."